Kipande cha Mkia: Namna ya Kupatanisha Mbao, Resini na Povu Nyuma ya Ubao wa Mawimbi

Ubao wa kuteleza mawimbini huumia kwanza mkiani. Mtu anausimamisha ukutani, anaushusha kwenye bajaji kwa pupa, anauegemeza kwenye mchanga wenye mawe, na kila mara zile pembe mbili za nyuma ndizo zinazopokea kishindo. Ndani kuna povu gumu ambalo ukucha unaweza kulibonyeza, na juu yake ganda la faiba ambalo aghalabu halifiki milimita moja. Pembe ikipasuka, maji ya chumvi huingia polepole, na baada ya wiki chache mkia una doa la kahawia na uzito ambao haukuwepo. Kipande cha mkia ni dawa ya tatizo hilo. Ni kitalu kidogo cha mbao, mara nyingi chenye mistari ya rangi ya resini (kimiminika kinachogeuka kigumu kama plastiki), kinachobandikwa mwisho wa povu kabla ubao haujavishwa faiba.

Asili yake ni California na Hawaii, enzi ambazo mbao za mawimbi zilichongwa kwa mti wa balsa. Balsa ni nyepesi lakini ni laini, na ncha zake hunywa maji kama sifongo, kwa hiyo mafundi walizifunika ncha hizo kwa mti mgumu zaidi. Povu liliposhika nafasi ya balsa mwishoni mwa miaka ya 1950, kipande kilibaki. Kinalinda bado, lakini sasa ndicho pia mahali ambapo fundi anaonyesha mkono wake.

Kwa Bagamoyo kina maana ya pekee. Mlango wa bahari kati ya hapa na Unguja umekingwa na kisiwa, hivyo mawimbi yanayofika ufukweni ni madogo na ya taratibu. Ubao mfupi wenye ncha kali hauna kazi kwenye maji ya namna hii. Unaofaa ni mrefu, wa futi 9 na kuendelea, mpana, wenye mkia uliokatwa mraba, na mkia wa mraba ndio hasa unaodai kipande, maana una pembe mbili zilizo wazi na ukuta ulionyooka wa kubandikia. Mafundi wa majahazi huiita sehemu ya nyuma ya chombo tezi, na atakayesema kipande cha tezi hajakosea. Humu tutabaki na mkia.

Wengi huanza na pambo: weusi uwe wapi, wekundu uwe wapi, mstari mweupe upite wapi. Kipande kinachodumu huanza na swali jingine, nalo ni hili: vitu vitatu vyenye tabia tofauti vitakaaje nyumba moja? Mbao huvimba na kusinyaa kwa unyevu. Resini ikishashika haitaki kuvutwa, na hainyumbuki kuifuata mbao. Povu ni dhaifu kuliko vyote viwili na huliwa na msasa kabla mbao haijakwaruzika. Karibu kila kasoro utakayoiona kwenye kipande cha mkia imetokea kwa sababu tabia ya mmoja kati ya hawa watatu ilisahauliwa.

Mti gani, na uzito kiasi gani

Tuchukue kitalu cha kawaida kabla hakijachongwa: urefu sentimita 15 kutoka ubavu hadi ubavu wa ubao, kimo sentimita 5, unene sentimita 2. Hizo ni sentimita za ujazo 150. Mpingo mkavu una takriban gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kitalu kizima cha mpingo ni gramu 180. Mninga, mvule na msaji huchezea kati ya gramu 0.6 na 0.7, yaani kitalu hichohicho ni kama gramu 100. Baada ya kuchonga hubaki karibu nusu. Gramu 90 zilizowekwa nyuma kabisa ya ubao husikika mguuni: mkia unazama mapema na ubao unageuka kwa uzito. Kwa hiyo mpingo utumike kama uzi mweusi wa milimita 2 kati ya miti mingine. Kitalu kizima cha mpingo kinapendeza mezani, lakini majini ni mzigo.

Masalia ya mninga, mvule na msaji hupatikana kwa mafundi wa milango na samani, mara nyingi yakisubiri kuwa kuni. Msaji wa mashamba, kama ule wa Longuza wilayani Muheza, umenyooka nyuzi na hauna mafundo mengi. Ubaya wake ni mafuta yake, na chembe za silika zilizomo ndani yake huufanya upanga wa randa kuwa butu haraka. Mfenesi ni mti ambao mafundi wengi wa mbao za mawimbi hawaujui, nao unastahili nafasi. Ukikatwa ni wa manjano ya kung'aa, hauna mafuta mengi, unachongeka vizuri. Mwanga wa jua huugeuza kahawia kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo usiupange ukitegemea manjano yale ya siku ya kwanza. Mwembe wa mafundi wa ngalawa ni mwepesi kupatikana lakini hushambuliwa na wadudu na ukungu. Ukague kwa jua kabla ya kuununua, na ukiona tundu hata moja la sindano, uache.

Vipande vya mpingo hupatikana kwa wachongaji, mathalani soko la vinyago Mwenge, Dar es Salaam. Chagua kile chenye ukingo wa mti wa nje, ule mweupe wa krimu unaopakana na kiini cheusi. Rangi mbili zimekaa kwenye ubao mmoja bila gundi wala resini, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuiga mpaka ule. Jenasi nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imeorodheshwa kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, hivyo anayetarajia kusafirisha ubao nje ya nchi aulize masharti kabla hajaubandika.

Nyuzi zielekee wapi

Hapa ndipo pasipotaka mjadala. Nyuzi za mbao zipite kutoka ubavu mmoja wa ubao hadi ubavu wa pili, sambamba na mkato wa mkia.

Sababu ni hesabu. Mbao hairefuki kwa kiasi cha kuonekana kufuata nyuzi zake, bali hupanuka kukata nyuzi. Kwa miti mingi migumu, kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka hutanua mbao kwa takriban asilimia 0.2 hivi. Kitalu chenye upana wa sentimita 15 ambacho nyuzi zake zimewekwa kombo, unyevu ukipanda kwa asilimia 4, kitataka kuongezeka zaidi ya milimita moja. Ganda la faiba halina milimita moja ya kumpa. Litapasuka pembeni, au gundi itaachia povu. Nyuzi zikienda ubavu kwa ubavu, upana hautikisiki. Kinachotanuka ni kimo na unene, navyo ni vidogo, mabadiliko yake ni sehemu ya kumi chache za milimita.

Mpangilio huo una gharama moja. Ncha za nyuzi, ambako mishipa ya mti iko wazi kama mirija, zinaangukia kwenye pembe mbili za mkia, palepale panapogongwa zaidi. Tutarudi hapo kwenye kuziba.

Kukausha kwenye hewa ya pwani

Hewa ya Bagamoyo haimruhusu mtu kukausha mbao kwa kuiacha tu kivulini. Mbao iliyokaa karakanani miaka miwili haitashuka chini ya unyevu wa asilimia 13 hadi 16, kwa kuwa hapo ndipo inapolingana na hewa inayoizunguka. Inayotakiwa chini ya faiba ni asilimia 8 hadi 10. Kwa nini tusibandike ileile ya asilimia 15, kwani si imeshazoea pwani? Kwa sababu ubao ukianikwa juani hupata joto kali, mbao hutoa mvuke, na mvuke hauna pa kutokea ila kuinua ganda. Doa jeupe linalotokea juu ya mbao baada ya siku moja ya jua mara nyingi ni unyevu uliofungiwa.

Mita ya kupimia unyevu haihitajiki. Mizani ya jikoni inatosha. Kata kipande kidogo kutoka mbao ileile, kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi, ukipime tena kila baada ya saa mpaka uzito ukome kushuka. Kikianza na gramu 57 na kuishia gramu 50, kilikuwa na maji gramu 7. Saba gawanya kwa 50 ni asilimia 14.

Kukausha kwenyewe kunahitaji sanduku la plaiwudi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, matundu mawili chini na mawili juu, na globu ya zamani ya wati 60 ndani yake. Globu za LED hazifai, hazitoi joto la kutosha. Ndani kukifika nyuzi joto 40, hewa ileile ya pwani inakuwa kavu kiasi cha kuishusha mbao hadi karibu asilimia 8. Pasua mbao kwanza ziwe vibanzi vyenye ziada ya milimita 2, uzipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Vibanzi vya milimita 8 hukauka kwa siku chache. Kitalu kizima kingehitaji wiki. Zipime kila asubuhi, na uzito ukisimama siku mbili mfululizo, tayari.

Mpingo usiharakishwe. Hupasuka ovyo ukikaushwa kwa nguvu, na mpasuko wake huanzia nchani. Paka ncha zake gundi ya mbao au nta, uuweke mbali na globu, uupe muda mara mbili ya mingine. Wakati wa masika mbao iliyotoka sandukuni huanza kunywa unyevu papo hapo, kwa hiyo itoke siku ya kubandika, si siku moja kabla.

Resini mbili na ugomvi wake

Sehemu hii ndiyo inayowachanganya watu, hata waliozoea kutengeneza boti za faiba. Kuna poliesta na kuna epoksi, na uchaguzi hufuata povu na mti, wala si bei peke yake.

Povu jeupe la punjepunje, la jamii ya lile linalofungashia friji, ni polistaireni. Poliesta huliyeyusha mbele ya macho yako, kwa hiyo epoksi tu. Povu laini la unga, linalogeuka krimu likikaa juani, ni poliuretheni, nalo hukubali zote mbili.

Kisha mti. Mpingo, msaji na mvule vina mafuta na kemikali asilia zinazozuia poliesta kushika. Resini ya pembeni inakauka vizuri, ila ile inayogusa mti inabaki inanata kama ulimbo, siku, wiki, mwezi. Hakuna kuongeza hadina (dawa ya kuigandisha resini) kutakakoiponya. Lazima ikwanguliwe yote. Epoksi haina udhaifu huo kwa kiwango hicho, ingawa nayo inataka uso safi. Mbao yenye mafuta ipigwe randa upya, ifutwe kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisitoke na rangi nzito, na ibandikwe ndani ya saa moja au mbili kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Ugomvi wa tatu ni kati ya resini zenyewe. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyopigwa msasa. Poliesta juu ya epoksi ni bahati nasibu. Kwa hiyo ukijua kwamba ubao wote utavishwa poliesta, tengeneza kipande kwa mfenesi na mninga, acha mpingo, msaji na mvule, na epoksi ya mishono iwe nyembamba, iliyoshika kabisa na kukwaruzwa. Ukitaka mpingo, visha ubao mzima epoksi. Njia ya katikati ipo, ya kuziba mpingo kwa vanishi kabla ya poliesta, lakini unakuwa umeutundika mkia wote kwenye nguvu ya vanishi, na hatuipendekezi.

Vipimo. Epoksi huchanganywa kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo lake, na uangalie kama ni wa uzito au wa ujazo, kwani si namba moja. Kuongeza hadina hakuharakishi, kunaiacha laini. Poliesta ni kinyume: kichocheo chake, MEKP, ni asilimia 1 hadi 2, na kwenye joto la nyuzi 30 za hapa asilimia 1 hutosha. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano: mililita moja kwa gramu 100 za resini. MEKP ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na ikikutana moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti inalipuka. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kabla chupa haijafunguliwa.

Joto hupunguza muda wa kazi. Epoksi iliyoandikwa dakika 30 kwenye nyuzi 25 itakupa kama 15 kwenye nyuzi 35. Ukiiacha ndani ya kikombe, inajichemsha, inatoa moshi na kuyeyusha kikombe; imwage kwenye sinia pana mara tu ukimaliza kuichanganya. Usiku wenye unyevu huiachia utando wa mafuta juu yake ikikauka. Utando huo hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sifongo. Asetoni huusambaza tu, na msasa huuzamisha ndani ya mikwaruzo, halafu tabaka linalofuata linabanduka kama ngozi ya maziwa.

Mistari ya rangi

Mstari unaweza kumiminwa kama resini tupu kati ya vibanzi. Unapendeza siku hiyo, lakini resini tupu ni ya kuvunjika, na tupa ikifika pembeni inamegeka vipande. Njia iliyo imara ni kutengeneza karatasi ngumu ya faiba yenye rangi, kisha kuikata vibanzi.

Kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kikishika, kinakuwa na unene wa kati ya milimita 0.2 na 0.25. Matabaka sita hutoa mstari wa karibu milimita 1.4. Kwa karatasi ya sentimita 20 kwa 15, kitambaa chote kina uzito wa gramu 36, na resini ikaribiane na uzito huo. Changanya gramu 45, kwa kuwa nyingine itabaki kwenye brashi. Rangi iwe ya kuchanganywa na resini, asilimia 3 hadi 5, yaani gramu 2 hivi. Ikizidi, resini inadhoofika. Rangi ya maji haiingii humu kabisa. Nyeupe nzito huficha vizuri na hukaa vyema kando ya mpingo. Rangi za kupenyeza mwanga huonekana nzuri kikombeni, halafu kati ya miti miwili ya kahawia hazionekani.

Tandaza matabaka juu ya plaiwudi iliyofunikwa selotepu pana, maana epoksi haishiki selotepu. Funika kwa plaiwudi nyingine ya namna hiyo, weka matofali mawili juu. Kesho yake kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe. Doa lolote linalong'aa ni mahali ambapo gundi haitashika. Kata kwa msumeno wa kukatia chuma, kwani faiba huua meno ya msumeno wa mbao.

Waliobahatika kuwa karibu na karakana ya kuvishia ubao wana chanzo kingine: matone ya resini yaliyodondoka sakafuni miezi na miezi, rangi juu ya rangi. Ukilikata bonge hilo kwa ubavu, linatoka na mistari kama mwamba wa matumbawe. Ni resini tupu hata hivyo, hivyo liwekwe katikati ya kipande, mbali na pembe.

Kubandika kitalu

Mpangilio mmoja uliosimama vizuri, kuanzia upande wa povu kwenda nje: mfenesi milimita 5, mstari mweupe 1.4, mpingo 2, mstari mweupe 1.4, mninga 10. Jumla ni karibu milimita 20. Tabaka la nje liwe nene na la mti usiomegeka, kwa kuwa ndilo linalogongwa.

Epoksi ya gramu 30 inatosha mishono minne. Paka nyuso zote kwanza kwa epoksi tupu, usubiri dakika kumi. Mbao itainywa, na bila hatua hii ingeinywa ile ya kwenye mshono, ukabaki mkavu katikati. Kisha koroga unga laini wa mbao, uliochujwa kwa kitambaa, kwenye epoksi iliyobaki mpaka iwe nzito kama asali, upake tena. Panga vibanzi kati ya mbao mbili zilizofunikwa selotepu. Vitateleza, maana epoksi ni kilainishi kizuri. Pigilia misumari miwili kila upande kama uzio, ikigusa vibanzi bila kuvitoboa. Klempu zikazwe mpaka ushanga mwembamba wa gundi utokeze kila mshono, basi. Fundi seremala aliyezoea gundi ya maji hukaza kwa nguvu zake zote, na epoksi yote hutoka nje, mshono ukabaki na njaa.

Saa 24 baadaye piga randa uso utakaokutana na povu mpaka rula ya chuma ikae juu yake bila mwanga kupita.

Kukata mkia na kuunga

Povu liwe limeshachongwa karibu kumalizika, kisha lifupishwe kwa unene uleule wa kitalu. Ili mkato uwe sawa, weka alama kwenye uti wa mbao unaopita katikati ya povu kwa urefu, sentimita 100 mbele ya mkato, upime hadi kila pembe. Namba mbili hizo zilingane. Tofauti ya milimita 2 itaonekana na kila atakayesimama nyuma ya ubao, kwa sababu mistari ya rangi inaitangaza.

Msumeno wa meno madogo hupita kwenye povu kama siagi, ukifika kwenye uti wa mbao unasita na kupinda, na unaacha kinundu hapo katikati. Kinundu kiondolewe kwa patasi, kisha uso wote usawazishwe kwa msasa uliogundishwa kwenye ubao ulionyooka. Shikilia kitalu mahali pake na umulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita kwa upana unaozidi nusu milimita, rudia.

Kabla ya kuunga, chora umbo la mkia kwenye kitalu kwa penseli na ukate nje ya mstari kwa milimita 3. Ni hatua ya dakika kumi, na inaokoa saa mbili za kuchonga mti mgumu ukiwa umeng'ang'ania povu laini. Gundi ya kuungia iwe epoksi nzito, yenye rangi nyeupe kidogo ili mshono usionekane kama mstari wa uchafu. Povu halivumilii klempu. Vuta vipande sita au nane vya tepu ya karatasi kutoka juu ya ubao, vipite mgongoni mwa kitalu, viishie tumboni, kwa mvutano sawa.

Kuchonga bila kulichimba povu

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Msasa unaopita juu ya mshono hula povu mara nyingi zaidi ya mbao, na matokeo ni bonde mbele ya kipande. Faiba haitalificha bonde hilo, mng'ao wa mwisho utalionyesha wazi.

Funika povu kwa tepu matabaka matatu, sentimita 5 kutoka mshononi. Shusha mbao kwa randa ndogo iliyowekwa upanga mwembamba, kisha tupa. Tupa ikianza kuchubua tepu ya juu, bandua tabaka moja uendelee. Ukifika tabaka la mwisho umebakiwa na sehemu ndogo sana ya milimita. Hapo ndipo utoe tepu na kumalizia kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao kigumu cha sentimita 20, uzito wa mkono ukiwa upande wa mbao. Usitumie vidole. Vidole hufuata ulaini, na ulaini uko kwenye povu. Fumba macho upitishe kiganja. Kiganja huhisi kitu ambacho jicho linakiruka. Bonde likishatokea, lijazwe kwa epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi mweupe wa kujazia. Ukishusha mbao ili ilifuate, utalifuata mpaka umbo la mkia lipotee.

Pembeni, sukuma tupa kutoka nje kwenda katikati ili ncha za nyuzi zisimegeke, hasa mpingo. Kila ukingo uachwe na mviringo wa milimita 3, kwani kitambaa cha faiba hakikubali kukunjwa kwenye kona kali. Kitanyanyuka na kuacha hewa chini yake. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na la mvule hukaba kifua, hivyo barakoa ya vumbi ivaliwe muda wote, na ile ya kichujio cha mvuke wakati wa resini.

Kuziba, kuvisha, na ukingo wa chini

Mbao ina hewa. Asubuhi joto linapopanda, hewa hiyo hutanuka na kutoka kupitia resini ambayo haijashika, na mapovu yanaganda humo milele. Ziba jioni, kuanzia saa kumi na moja, joto linaposhuka, mbao inapovuta ndani badala ya kupumua nje. Tabaka la kwanza liwe jembamba mno. Likianza kunata bila kuacha alama kidoleni, weka la pili. Zile ncha za nyuzi kwenye pembe zipewe la tatu. Hapo ndipo maji huanza kuingia kwenye vipande vingi vilivyokufa mapema, na ni kazi ya dakika mbili tu. Ikishika, osha, piga msasa namba 120.

Kitambaa cha ubao kikifika mkiani kikatwe umbo la V kwenye kila pembe ili kingo zipandane bila kukunjika. Ongeza kiraka kimoja cha sentimita 18 kwa 10 kinachozunguka kipande chote. Ukingo wa chini, ulioviringwa kwa ajili ya kitambaa, unatakiwa uwe mkali tena ili maji yaachie mkia badala ya kuuzunguka. Bandika tepu iliyosimama kama ukuta milimita 3 nyuma ya ukingo, umimine gramu 15 hivi za resini nzito, uivue tepu ikiwa imeshika lakini bado inakubali ukucha, kisha uinyooshe kwa msasa.

Kwenye msasa wa mwisho, namba 220, 400, 600 hadi 800, pembe ndizo zinazotobolewa. Ukiona kitambaa kama chandarua kinachungulia, simama hapo hapo, weka kiraka kidogo, usijidanganye kwamba mng'ao utaficha. Epoksi ipewe siku 7 kabla ya maji ya bahari.

Mstari mweusi ukitokea baadaye kwenye mshono wa mbao na povu, maji yameshaingia. Bonyeza kwa kidole gumba kando yake: ganda likizama au kutoa sauti ya kikavu, fungua kwa msasa hadi uone mti mkavu pande zote, suuza chumvi kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kwa globu iliyo mbali kiasi cha mkono kuvumilia, pima rangi ya mti kila siku, na usizibe mpaka weusi uache kupauka. Mti ukibaki mweusi baada ya wiki mbili, ni ukungu ulioota ndani, na hapo kipande kinakatwa chote na kingine kinaandaliwa.